Mvuvi wa Tanganyika uliyeko Marekani, tafuta shindano dogo lililo karibu nawe



Katika ujumbe wa sauti tunaopokea kutoka kwa ndugu waliohamishiwa Marekani, kuna swali linalorudi kila mara. Wanaona kwenye simu na televisheni watu wakishindana kuvua samaki anayeitwa besi, wanapima samaki mbele ya umati, wanapewa pesa. Wanauliza: mashindano hayo mtu kama mimi anayapata wapi? Na nikifika, nitaruhusiwa kuingia?

Wengi wanaouliza walikulia kwenye mtumbwi. Wanajua kusoma maji kwa jicho, wanajua ndege anapoinama juu ya ziwa maana yake ni nini. Sasa wanafanya kazi ya usiku kwenye maghala na viwanda vya nyama, Jumapili wanakwenda kanisani, siku nyingine wanalala. Wake zao na watoto wao ndio wanaotueleza mengine: baba amekuwa mtu wa kunyamaza. Anaweza kukaa saa tatu akitazama video za ziwa.

Maoni yangu nayasema mapema ili asiwepo wa kuyatafuta mpaka chini. Waende. Lakini wasianze na yale mashindano makubwa ya kwenye televisheni. Watafute shindano dogo kabisa, la jioni ya katikati ya wiki, kwenye ziwa lililo karibu na nyumba yao, na waingie kwa kukaa nyuma ya boti ya mtu mwingine. Huo ndio mlango. Mtu akianza na mlango mkubwa atapoteza pesa, na pengine atapoteza amani ya nyumba pia.

Kwanza tumjue huyo samaki. Besi (msichanganye na basi la abiria) ni samaki wa maji baridi yasiyo na chumvi. Yule anayetafutwa zaidi ana mdomo mkubwa na rangi ya kijani, na mstari mweusi ubavuni. Hana tabia ya mukeke. Mukeke anafukuza ndagala katikati ya ziwa, na wavuvi wetu wanamfuata usiku kwa taa. Besi ni mwizi wa kujificha. Anakaa chini ya mti ulioangukia majini, ndani ya majani, kando ya nguzo za gati, anangoja kitu kipite ndipo aruke. Majira ya machipuko, maji yanapoanza kupata joto, anapanda kwenye maji mafupi kutaga, na dume ndiye anayelinda kiota. Kiangazi kikikaza anashuka kwenye kina. Kwa hiyo ndugu yangu, taa yako ya ndagala haina kazi huko, na wavu wako ni hatari kwako, nitaeleza kwa nini. Lakini jicho lako bado lina kazi. Anayejua kusoma upepo na rangi ya maji ya Tanganyika hataanza kwenye sifuri.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Mnamo Juni 1967 mtu mmoja wa Alabama, Ray Scott, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza bima, aliwakusanya wavuvi 106 kwenye ziwa Beaver, jimbo la Arkansas. Kila mmoja alilipa dola 100 kuingia. Mwaka uliofuata alianzisha chama kiitwacho B.A.S.S., na mwaka 1971 chama hicho kikafanya shindano lake kuu la kwanza kwenye ziwa Mead, Nevada, mshindi akachukua dola 10,000. Leo mshindi wa shindano hilo hilo anapata dola 300,000. Hiyo ndiyo picha inayozunguka kwenye simu zetu, na ndiyo inayowadanganya vijana.

Kuna jambo katika historia hiyo ambalo hapa kwetu linachekesha watu. Kuanzia mwaka 1972 Scott alihimiza wavuvi wasiue samaki wa mashindano. Samaki anawekwa hai kwenye tangi lililo ndani ya boti, maji yakizungushwa na pampu, anapimwa uzito, halafu anarudishwa ziwani. Ukisimulia hivyo sokoni Baraka, mama wauza samaki watakuuliza kama hao watu wana akili timamu. Mtu ametoka kwenye nchi ya njaa, amelipa pesa, amemshika samaki, kisha anamwachilia?

Ninaelewa kicheko hicho. Lakini ziwa ambalo kila Jumamosi linapokea boti 50 au 100 za watu wenye vifaa vya kisasa lingekwisha samaki kwa muda mfupi kama wote wangekwenda kwenye sufuria. Sisi wa pwani ya Fizi hatuna nafasi ya kuwafundisha wengine juu ya hilo. Tunaona wenyewe nyavu za macho madogo zinavyobeba watoto wa sangala na mukeke, na tunawasikia wazee wakilalamika kwamba samaki wa leo ni nusu ya wale waliowavua wakiwa vijana. Kumwachilia samaki mkubwa aendelee kuzaa si wazimu. Na anayetaka kula, nje ya shindano sheria inamruhusu kupeleka nyumbani idadi fulani, ila asome kwanza tangazo la ziwa husika, maana kuna maji ambayo serikali inashauri samaki wake wasiliwe mara nyingi kwa sababu ya zebaki.

Sasa sheria, maana hapa ndipo ndugu zetu wanapoumia.

Huko hakuna kuvua bila leseni kwa mtu mzima, hata kwa ndoana moja kando ya kidimbwi. Kila jimbo lina leseni yake na umri wake. Kentucky, ambako Wakongomani wengi wamehamishiwa katika miji ya Louisville, Lexington na Bowling Green, leseni inatakiwa kuanzia miaka 16. Texas ni kuanzia miaka 17. Inanunuliwa kwenye tovuti ya ofisi ya jimbo inayosimamia wanyama na samaki, au kwenye maduka makubwa na maduka ya chambo. Mkazi wa jimbo analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chenye anwani yako. Leseni ya jimbo moja haikuvushi kwenda jimbo jingine. Ukikutwa huna, mlinzi anakuandikia karatasi ya faini, na karatasi hiyo mara nyingi ina tarehe ya mahakama. Kuitupa kwenye droo kwa sababu hukuelewa Kiingereza chake ni kubaya zaidi kuliko kosa la kwanza. Mpelekee mtoto aisome siku hiyo hiyo, au mfanyakazi wa shirika lililowapokea.

Jambo la pili: nyavu. Besi anahesabiwa kuwa samaki wa mchezo. Kumvua kwa wavu ni kosa, na katika majimbo mengi kumuuza ni kosa pia. Mvuvi wetu aliyezoea kwamba samaki ni soko, na soko ni ada ya shule, lazima aiache tabia hiyo ufukweni kabla hajaingia majini. Tangu mwaka 1926 Marekani ina sheria ya taifa dhidi ya kuwasafirisha besi waliopatikana kinyume cha sheria kutoka jimbo hadi jimbo. Kwa hiyo si jambo la mlinzi mmoja mkali. Ni desturi yao ya karibu miaka mia.

Kama hutaki kutoa pesa kabla ya kujaribu, kuna siku za bure. Kentucky inaruhusu kila mtu kuvua bila leseni Jumamosi na Jumapili ya kwanza ya Juni. Texas ni Jumamosi ya kwanza ya Juni. Wikendi hiyo huwa pia na mashindano ya watoto kwenye vidimbwi vya miji, mengi yao bila malipo. Mzazi anayeenda kumshikia mtoto fimbo ataona jinsi mambo yanavyopangwa, na atakutana na wapangaji wenyewe ana kwa ana.

Sasa swali lenyewe: mashindano yanapatikana wapi?

Usianze na simu. Anza na duka la chambo lililo karibu na ziwa lako. Duka hilo huko ni kama gati ya Mboko asubuhi: habari zote zinapita pale. Ukutani kuna karatasi zimebandikwa, na yule anayeuza minyoo anajua nani anaendesha shindano la Jumanne jioni na nani la Alhamisi. Mahali pengine pa kutazama ni ubao wa matangazo pale boti zinaposhushwa majini. Kiangazi, katika maziwa mengi, watu wanaanza saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, wanavua mpaka giza, wanapima, wanagawana pesa zilizochangwa, wanakwenda kulala kwa sababu kesho ni kazi. Ada huwa dola makumi machache kwa boti, na boti inabeba watu wawili. Huko hakuna kamera wala umati, na ndiyo maana napapenda kwa ajili yenu.

Baada ya hapo tazama kalenda ya ofisi ya jimbo. Katika majimbo mengi anayeandaa shindano lazima aombe kibali au aandikishe tarehe, na ofisi hutangaza orodha: ziwa gani, siku gani, nani wa kupigiwa simu. Maziwa mengi ya mabwawa yanasimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, nao hutoa vibali vyao. Aliyeko Bowling Green atafute majina kama Barren River Lake. Aliyeko Louisville atafute Taylorsville Lake. Aliyeko Abilene, Texas, ana Fort Phantom Hill karibu na mji. Mwenye gari na nguvu ya safari atafika magharibi ya Kentucky, kwenye Kentucky Lake na Lake Barkley, ambako mashindano yako karibu kila wikendi ya msimu. Lakini narudia: la karibu kwanza. Mafuta ya gari nayo ni ada.

Kisha kuna makundi, yaani klabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Chama cha Scott kina tawi lake la makundi ya wenyeji, linaloitwa B.A.S.S. Nation, na kuna jingine liitwalo The Bass Federation. Chini yao ni klabu ndogo za mtaa: watu kumi, ishirini, fundi wa magari, mwalimu, mstaafu, polisi. Wanakutana mara moja kwa mwezi kupanga, na wanashindana mara moja kwa mwezi. Katika klabu hizo mtu asiye na boti anakubaliwa. Jina lako linawekwa kwenye kura, unapangwa na mwenye boti, unakaa nyuma. Mara nyingi klabu zinahitaji watu kama hao kwa sababu kila mwenye boti anatafutiwa mwenzake. Utachangia mafuta, utakuja mapema kusaidia kushusha boti, utashika kamba. Mvuvi wa Tanganyika hahitaji kufundishwa kushika kamba.

Nini kinapatikana hapo zaidi ya samaki? Saa nane ndani ya boti na mtu mmoja. Katika maisha mengine ya Marekani, ndugu zetu wanatuambia, hakuna mahali ambapo mwenyeji atakaa nawe saa nane. Kiingereza ambacho hukukipata kwenye darasa la jioni utakipata hapo, neno moja moja: upepo, kina, fundo, subiri. Na yule wa mbele atagundua kwamba huyu mtu anayefagia ghala anajua maji kuliko yeye. Siwezi kuahidi kwamba kila boti itakuwa na mtu mwema. Wapo wenye maneno mabaya kwa wageni, na wapo wanaonyamaza siku nzima. Kura ya mwezi ujao itakupa mwingine.

Hatua iliyo juu kidogo ya klabu ni mashindano ya Jumamosi moja yanayoendeshwa na Major League Fishing, msururu wao wanauita Phoenix BFL. Nao una nafasi ya mwenye boti na nafasi ya anayekaa nyuma, kila mmoja akishindana na wenzake wa daraja lake, na ada ya wa nyuma ni ndogo kuliko ya wa mbele. Lakini si ada ya jioni ya Jumanne. Mimi ningesema: msimu mzima kwenye klabu kwanza, ndipo ufikirie huko.

Na kuna mashindano ya kayaki, ambayo yalinifurahisha nilipoyafahamu, kwa sababu kayaki ni nini kama si mtumbwi wa plastiki? Huko samaki hapimwi kwa uzito. Unamlaza kwenye ubao wenye inchi, unampiga picha pamoja na alama ya siku hiyo, unaituma kwa programu ya simu, unamwachilia pale pale. Wanajumlisha urefu wa samaki watano bora. Kayaki ya kawaida bei yake haikaribii hata kidogo ile ya boti ya mota. Mtoto wa Kazimia aliyezoea kusimama kwenye mtumbwi mwembamba bila kuyumba atawashangaza.

Kuhusu boti kubwa nitasema kwa ukali. Boti mpya za besi zinauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na wauzaji wako tayari kukupa mkopo wa miaka mingi. Usiichukue. Mtu anayelipia nyumba, gari, deni la tiketi ya ndege iliyomleta, na kutuma pesa Nyarugusu kila mwezi hana nafasi ya deni la boti. Nyuma ya boti ya mtu mwingine unavua samaki wale wale.

Yote haya ni kwa watu wazima, lakini vijana wana njia nyepesi zaidi na wazazi wengi hawaijui. Katika majimbo kadhaa kuvua besi ni mchezo rasmi wa shule za sekondari, kama mpira. Illinois ilikuwa ya kwanza, mwaka 2009. Kentucky ilifuata miaka michache baadaye. Wanafunzi wawili wanashindana ndani ya boti moja, na mtu mzima ndiye anayeiendesha. Baba ambaye mwanawe anaona aibu na Kiswahili chake aende ofisi ya shule aulize kama wana timu ya uvuvi. Aulize pia kama timu inatafuta watu wazima wa kusaidia. Mabinti nao wanaingia. Nasema hivyo kwa sababu najua kuna nyumba zetu ambako swali hilo litaulizwa.

Kabla ya kulipa popote, omba kanuni zilizoandikwa. Mashindano mengi yanakubali samaki watano tu kwa mtu au kwa boti. Kuna urefu wa chini, mahali pengine inchi 12, pengine 15, yaani karibu sentimita 38. Chambo ni cha bandia peke yake, minyoo hai marufuku. Samaki akifa, uzito unapunguzwa. Ukichelewa kurudi, unapunguzwa kwa kila dakika, na ukizidi kiasi fulani unafutwa kabisa. Mota ikiwa inawaka lazima uvae jaketi la kuelea. Najua wavuvi wetu wanajivuna kwamba wanaogelea. Maji ya mwezi wa Machi huko si Tanganyika. Baridi yake inaua mwogeleaji hodari kabla hajafika ukingoni. Vaa.

Uliza pia nani anashika pesa, asilimia ngapi inarudi kwa washindi, na wanalipwa nafasi ngapi. Anayekwepa kujibu, usimpe kitu, na usimtumie pesa kwa simu mtu ambaye hujamwona wala duka la chambo halimjui. Ukishinda, hizo pesa ni mapato, zinaandikwa kwenye kodi.

Udanganyifu upo huko pia, msifikiri ni ugonjwa wa Kongo peke yetu. Mwishoni mwa Septemba 2022, huko Cleveland kwenye ziwa Erie, katika shindano la samaki wa aina nyingine, mwandaaji alipasua matumbo ya samaki wa timu iliyoongoza akatoa vipande vya risasi, ile metali nzito, vilivyoshindiliwa ndani kuongeza uzito. Zawadi ilikuwa karibu dola 29,000. Wale wawili walikubali kosa mahakamani mwaka 2023, wakapewa siku kumi za jela, leseni zao zikasimamishwa, na boti ikachukuliwa. Wauza samaki wetu wanaoloweka mizigo ili mizani ipande wamesikia. Kwa mgeni funzo ni la kawaida: mashindano mengine yanaweza kukutaka upimwe kwa mashine ya kugundua uongo, na hiyo huwa imeandikwa kwenye kanuni uliyotia sahihi. Usitie sahihi usichosomewa.

Nabaki na ugomvi mmoja, na huu uko huku kwetu. Kuna familia hapa Baraka na kambini zinazosikia kwamba kaka yao wa Kentucky ametoa dola 40 kwenda kuvua samaki na kumrudisha majini, zinakasirika, kwa sababu dola 40 hapa ni daftari, dawa na unga. Hasira hiyo sitaidharau. Mwenye kutuma atume kwanza. Shindano moja kwa mwezi, baada ya Western Union na si kabla, na mkewe awe anajua kiasi. Lakini na sisi tuliobaki tuache kumfanya mtu yule kuwa sanduku la pesa. Amepoteza ziwa, amepoteza mtumbwi, wengine wamepoteza watu kwenye njia ya kukimbilia Kigoma. Tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha kupokea wakimbizi kwa namna ile ya zamani, na wengi waliokuwa wakingoja kuungana naye wamekwama kambini. Mzigo wake umeongezeka. Jioni mbili majini ndani ya mwezi hazitatufanya sisi tulale njaa, na simu atakayopiga baadaye mtaisikia tofauti yake.

Klabu nyingi hupanga kalenda zao wakati wa baridi, maziwa yakiwa bado hayajachangamka, na mikutano ya Januari na Februari ndiyo wanayopokea wanachama wapya. Anayesoma haya katikati ya msimu asingoje hapo. Mashindano ya jioni yanapokea mtu siku ile ile. Nyinyi mlioko Louisville, Lexington, Bowling Green, Abilene na kwingineko, mkipata klabu inayopokea watu wasio na boti, tutumieni ujumbe wa sauti: jina la ziwa, siku, saa ya kuanza, ada, na kama kuna mtu pale anayeelewa Kiswahili au Kifaransa. Tutausoma hewani Jumamosi pamoja na salamu, na tutauandika hapa ili wa Nyarugusu wajue baba zao wanavua wapi.